Chungu Hulipwa kwa Kujazwa

"Hoo! Hoo! Tokeni!"

Sauti ilitoka kwenye kichanja katikati ya mpunga, imekauka kama ya mzee. Asegelile alisimama njiani, chungu kichwani. Sauti ile aliijua. Aliizaa mwenyewe.

"Rut?"

Mtoto aligeuka. Macho mekundu, miguu imepauka kwa tope, kombeo mkononi. Hakushuka. Alitazama kwanza upande wa nyumba ya mwalimu, na hilo ndilo lililomchoma mama yake kuliko tope lote.

Jamani, shule! Tangu Mwalimu Ambrose aache ukarani bomani na kufungua shule yake ya bweni ya watoto wadogo hapa Ipyana, pwani nzima ya ziwa haikuzungumza jingine. Mtoto angesoma kabla ya kung'oka meno. Angewaamkia Wadachi kwa lugha yao. Lakini ada yake haikuwa mchezo: kila msimu vyungu vikubwa, tena vizima, visivyo na ufa. Nao wanawake wa Ikombe, kwao Asegelile, wamebanwa kati ya mlima na maji, mashamba hawana. Chungu ndilo shamba lao. Mnunuzi hukijaza mpunga au mahindi, nafaka ikabaki kwa mfinyanzi, yeye akaenda na chungu chake. Ndiyo bei tangu enzi za mabibi. Basi kila chungu alichokipata Ambrose kilikuwa chakula kisichofika nyumbani kwa Asegelile. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na yeye alikuwa akila humo kweli, uji mwepesi, huku akiwatambia majirani kwamba binti yake anasoma.

Na kila siku ya ada watoto aliwakuta wameogeshwa, wamepangwa mstari, wanaimba wimbo wa Kidachi. Alilia kwa furaha, maskini! Safari hii vyungu viliiva mapema, ziwa lilikuwa limetulia, na hamu ya mtoto ilimzidi. Akapanda mtumbwi wa shemeji yake Yotamu bila kungoja siku ya ada.

"Shuka," alisema.

"Mwalimu atanichapa."

"Shuka, nimesema. Atakayekugusa ataniona mimi."

Uani, Ambrose alikuwa amekaa kitini, kofia kichwani. Mbele yake mpunga ulikuwa umeanikwa mikekani. Mzee Hezroni wa Busale, ambaye mwanawe Anyitike naye alisoma hapo, alikuwa amechuchumaa pembeni na jogoo wa ada kwapani.

"Ugonile, mama Rut!" mwalimu alimwamkia. "Mbona leo?"

Asegelile alikitua chungu miguuni pa mwalimu.

"Jaza."

"Hii ni ada, mama. Ada haijazwi."

"Ada ya nini? Rut, mwambie baba Anyitike hapa umejifunza nini."

Mtoto alinyoosha mikono ubavuni, akaimba. Ulikuwa wimbo ule ule. Ulipokwisha alishusha mikono.

"Na mwingine?"

"Ni huo tu, mama. Tukimaliza tunafukuza ndege."

Hezroni alimshusha jogoo polepole.

"Kazi nayo ni elimu!" Ambrose alisimama. "Wewe mfinyanga udongo utajua nini habari za shule? Nitakushtaki bomani!"

"Twende! Twende hata sasa hivi! Rut atawaimbia Wadachi, nao watuambie kama hicho ni Kidachi."

Ambrose alirudi kukaa kitini.

"Dada, taratibu," Hezroni alinong'ona. "Huyu ana watu wake bomani."

"Na mimi nina mtoto wangu!"

Akapiga magoti mkekani. Akachota mpunga kwa mikono miwili, akamimina, akachota tena, mpaka chungu kikafurika, kisha akapitisha kiganja mdomoni mwa chungu kusawazisha, kama afanyavyo sokoni. Hakumwaga hata punje.

"Chungu hiki umelipa," alisema. "Vile vya misimu iliyopita pikia. Mwanangu sikuachii."

Akajitwisha, akamshika Rut mkono. Walipofika njiani walimsikia Hezroni nyuma yao, anaita kwa nguvu zote kuelekea mpungani: "Anyitike! Anyitike weee! Shuka, twende nyumbani!"

Mtumbwini Rut alilala palepale, kichwa kimeegemea chungu. Yotamu alimtazama shemeji yake usoni, akaendelea kupiga kasia. Walipokaribia matete kundi la ndege liliruka juu yao. Mtoto, macho yamefumbwa, akainua mkono.

"Hoo," midomo yake ilisema. Sauti haikutoka.

Asegelile aliudaka mkono ule. Ulikuwa mgumu, viganja vimeota sugu.

"Waache wale, mwanangu. Si mpunga wetu."

Ndege wakatua tena mateteni. Alijaribu kuushusha mkono wa mtoto, taratibu, lakini ulibaki juu ndani ya mkono wake, umekaza, unangoja ndege kama kichanjani.