Kitabu Kinachoanza na Kiatu

Shairi la kulisifu gari langu nililimaliza kabla sijanunua hata bomba moja la chuma. Lilikuwa na beti kumi na nne. Katika ubeti wa tatu nilikuwa nimeshawapita matajiri watatu kwenye kona, na katika ubeti wa tisa wasichana wa Rushden, mji wetu mdogo, walijipanga kando ya barabara, kila mmoja akiuliza yule kijana ni nani.

Gari lenyewe wakati huo lilikuwa gari kuukuu la baba, limesimama mbele ya nyumba tangu mwezi wa pili, limeliwa na kutu hadi ukipenyeza mkono sakafuni unagusa lami. Lilishindwa ukaguzi wa mwaka, na baba alishaongea na mnunuzi wa skrepa, yaani vyuma chakavu, aje kulibeba Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi.

Mimi nililitaka. Injini ilikuwa nzima, giaboksi nzima, ekseli nzima. Ukiwa na vitu hivyo, mabomba ya mraba na mashine ya kuchomelea, unaweza kuunda chasisi yako mwenyewe, yaani kiunzi cha gari, na juu yake gari la michezo la watu wawili, lisilo na paa. Kwetu wapo wengi waliofanya hivyo kwenye mabanda yao. Kinachotakiwa ni akili tu, na akili nilikuwa nayo. Hilo sikuwa na shaka nalo.

Baba ndiye aliyekuwa na shaka. Nyuma ya banda kulikuwa na mtumbwi wangu wa alumini, mwaka wa tatu sasa, wenye ubavu mmoja tu. Ndani ya banda kulikuwa na gitaa langu lenye shingo isiyo na tumbo. Baba, Desmond Tebbutt, alifanya kazi kiwanda cha viatu miaka thelathini na mmoja. Ni mtu wa maneno machache, na akikutana nawe hukutazama miguu kwanza, uso baadaye.

"Niletee kitabu kimoja cha kukuongoza, Rowan," aliniambia. "Kimoja tu, na uniambie kwa nini hicho. Nikiona ni kitabu cha kumaliza kazi, gari ni lako na banda ni lako. Nikiona ni cha kujivunia, skrepa."

Jumapili nilikwenda kwenye soko la vipuri vya zamani, pale penye uwanja wa ndege uliokufa. Muuza vitabu alikuwa Bi Glenys, mama wa miaka sitini na kitu, aliyefika hapo kwa gari alilojiundia mwenyewe, nywele zote zimelala nyuma kwa upepo. Aliniwekea mezani vitabu viwili.

Cha kwanza kilikuwa na kurasa mia nne na kumi, jalada gumu, picha za rangi, na michoro ya nguvu yenye mishale iliyochomoza kila upande kama nungunungu. Cha pili kilikuwa na kurasa tisini, kimeshikwa kwa waya, kimelowa oili, na pembeni kina masahihisho ya penseli ya watu watatu tofauti. Mmoja aliandika: *Bomba hili kata refu zaidi, niamini.*

Nilimwambia Bi Glenys kwamba kitabu cha namna hiyo si kitabu, ni maungamo.

"Hicho kinene nimewauzia vijana sita," akasema. "Magari yao sijayaona."

"Na hicho chembamba?"

"Chembamba hakirudi, mwanangu. Hiki kimerudi kwa sababu mwenyewe amemaliza."

Nilimweleza kwamba mimi nilijifunza mizani na vina bila mwalimu, na kwamba huenda wale sita walipungukiwa kichwani. Alinitazama kama mtu anayetazama birika lililochelewa kuchemka. Nikalipia kinene. Chembamba akakitumbukiza mfukoni mwangu bila kuniuliza, akasema ananiazima, nitamrudishia kikiwa kichafu zaidi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi nililichagua jembe kwa uzuri wa mpini.

Wiki ile nilikisoma kile kinene hadi ukurasa wa arobaini. Nilikielewa hadi wa kumi na moja. Kilichobaki nilikikariri, maana maneno yake yalikuwa na mlio mzuri. Chembamba nilikitumia kuwekea kikombe cha chai. Alhamisi nilimkuta baba mezani jikoni, amevaa miwani, anasoma kile chembamba. Kikombe changu alikuwa amekihamishia juu ya jalada gumu. 

Jumamosi mnunuzi wa skrepa alifika saa tatu na nusu. Jina lake Barney. Alikuja na lori lenye waya wa kuvutia magari, na mkate wa soseji mkononi. Baba akamwomba asubiri kidogo, kijana ana hotuba. Barney akaegemea lori. Ng'ambo ya barabara jirani yetu Bi Lovell, aliyekuwa akitembeza mbwa, naye akaona hakuna haraka.

Nikahutubu. Nilisimama kando ya gari, kitabu kinene kifuani, nikasema juu ya ugumu wa chasisi dhidi ya kujipinda, juu ya njia za mzigo, juu ya pembetatu. Dakika nane. Shairi lilikuwa mfuko wa nyuma, nimeliweka akiba ya kufungia hotuba.

"Jumatatu asubuhi unaanza na nini?" baba akauliza.

"Na hesabu."

"Ya nini?"

"Ya kujipinda."

"Kipi kinachojipinda?"

Jumatatu asubuhi kusingekuwa na chochote cha kujipinda. Barney akapaliwa na mkate.

Baba akachukua kitabu changu, akafungua ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, penye picha ya dereva kakaa ndani ya chasisi. Picha ilikuwa nzuri sana, ila ukingo wa ukurasa ulimkata yule dereva kwenye vifundo vya miguu.

"Huyu miguu yake wameiweka wapi?"

Nikasema huenda mwandishi aliwaachia wasomaji jambo hilo.

Hapo akatoa kile chembamba, akasoma ukurasa wa kwanza polepole: "Vaa kiatu utakachoendeshea. Kaa chini. Mtu akuchore." Kisha akachukua chaki, akachora kwenye lami vipimo vya kitabu, mahali pa kiti na mahali pa pedeli tatu. Akaingia jikoni, akarudi na mfuniko wa sufuria, akanipa uwe usukani.

Nilitazama waya wa Barney. Nilimtazama Bi Lovell, ambaye mbwa wake alishachoka akalala. Mtu wa beti kumi na nne, na mfuniko wa sufuria. Nikakaa chini.

Miguu yangu huvaa namba ya kiatu ambayo kiwandani kwa kina baba ilishonwa kwa oda tu. Visigino vilipotulia, vidole vilikuwa vimeshavuka mstari wa mbele, vinasafiri peke yao. Baba akaniambia nikanyage breki. Nikakanyaga. Kiatu kikafunika breki, kikafunika na pedeli ya mafuta. Yaani kwenye ile kona ya ubeti wa tatu, ningewapita wale matajiri nikifunga breki na kuongeza mwendo kwa pamoja.

Baba akapiga magoti, akanishika kisigino kwa kiganja na ncha ya kiatu kwa kidole gumba, vile alivyoshika miguu ya watu asiowajua miaka yote ile.

"Pedeli inchi nne mbele," akasema. "Mbili upande. Una karatasi?"

Sikuwa na nyingine. Nikatoa shairi. Akaandika namba nyuma yake.

"Mzee, nafunga waya au sifungi?" Barney akauliza.

 Baba alinitazama mimi, bado nimekaa chini na mfuniko wangu.

"Kitabu gani, Rowan?"

"Chembamba."

Bi Lovell akasema kutoka ng'ambo kwamba yeye hakusikia. Nikarudia.

Baba akamgeukia Barney. "Chukua mtumbwi uliopo nyuma. Ni alumini tupu."

"Lakini Baba, mtumbwi sijaumaliza," nikasema.

Walicheka wote watatu, na mbwa akaamka.

Mtumbwi uliondoka kabla ya saa nne, ubavu wake mmoja umeelekea angani. Jioni nilikuta pembeni mwa ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Bi Glenys mwandiko wa nne, wa penseli, ninaoufahamu: *Mwenye mguu mkubwa, pima kwanza.* Na bandani, ukutani juu ya meza ya kazi, baba alikuwa amelipigilia shairi langu kwa msumari mdogo wa kiatu. Namba zinatazama nje. Beti kumi na nne zinatazama ukuta.