Jibini ya Mazishi Yangu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipoolewa na Théodule sikupewa hata hizo mbili. Jioni ya harusi yenyewe mama yake, Philomène, alinipa kitambaa na bakuli la maji ya chumvi, akaniteremsha ghalani chini ya nyumba. "Haya, mwanangu, kazi hiyo. Jibini haijui kwamba wewe ni bi harusi."

Nimeitunza ghala hiyo miaka thelathini na moja. Jibini mbichi ya mbuzi inakaa karibu na mlango, imefunikwa kitambaa chenye unyevu, nayo huliwa kabla wiki haijaisha. Yale magurudumu ya kuyeyusha, yaani jibini nzima za mviringo zinazoyeyushwa motoni wakati wa kula, yanakaa mbao za katikati, na kila baada ya siku moja uyageuze na kuyapangusa kwa maji ya chumvi. Ngumu za miaka mingi zinakaa juu, penye hewa kavu, nazo husuguliwa kwa kitambaa ganda lisipasuke. Ukizichanganya zitaharibiana, na hapo usimlaumu ng'ombe.

Huko juu kabisa palikuwa na magurudumu mawili yasiyoliwa, la Philomène na langu. Bonde letu lina desturi hiyo: mwanamke akiolewa huwekewa jibini, ikangoja mpaka siku atakayozikwa, na waliomzika wakaila kwa mkate mweusi na divai. Asiye nayo huzikwa kama mpita njia. Yangu aliileta baba yangu mgongoni, akivuka mlima kwa miguu, na herufi za jina langu zimechomwa kwenye ganda. Alikufa mwaka uliofuata. Sikuwa na kitu kingine chochote kutoka kwake.

Yake Philomène hakuniruhusu niiguse. "Ya kwako isugue upendavyo. Yangu itaguswa na damu yangu." Vidole vyake vilipovimba akashindwa kushika kitambaa, kazi akampa mwanawe. Théodule alikuwa kibarua kiwandani huko mjini, akirudi kila Jumamosi na jibini za mjini, zile zenye ukungu wa buluu, na kuziweka kwenye ubao ulio chini tu ya gurudumu la mama yake.

"Théo, hizo zifunge kwenye chombo, uziweke mbali. Ukungu wake unatembea."

"Unatembea kwa miguu gani?" Akacheka mwenyewe.

"Na ya mama imekauka, ina ufa. Isugue basi, au niachie mimi."

"Usiiguse, utamuua kwa hasira. Nitaisugua Jumamosi."

Jumamosi zikaja, zikaenda.

Philomène alifariki mwezi wa tatu. Kengele zilipokuwa zikilia, Théodule alishuka ghalani na shoka, nami nikamfuata. Gurudumu la mama yake lilipasuka kwa pigo moja. Ndani lilikuwa buluu na jeusi mpaka moyoni, na harufu yake ilitufanya sote wawili tufunike pua. Kisha akaliangalia langu.

"Usithubutu," nilimwambia.

"Watu mia wako kanisani, Adrienne. Niwape mkate mtupu? Waseme mama ameoza kabla ya kuzikwa?"

"Waseme ukweli. Mwanawe alikuwa na Jumamosi chungu nzima, hakupata hata moja."

"Tutakuwekea nyingine."

"Nina miaka hamsini na sita! Baba aliyeibeba hii yuko kaburini. Hiyo nyingine atanibebea nani?"

"Basi usife haraka," akasema, akalipiga shoka palepale kwenye jina langu.

Nilichukia kama sijawahi kuchukia, na bado baada ya mazishi nikaambiwa nizungushe sahani ya jibini hiyo. Mzee Barthélemy, jirani yetu, alitafuna amefumba macho. "Eh, Philomène! Mwanamke alijua kutunza yule. Onjeni, ni tamu kama njugu. Na wewe shemeji, jifunze kwake."

Nikaiweka sahani mezani. "Hii ni yangu. Ya kwake imeoza, mwanawe huyu hakuisugua. Mnakula jibini ya mazishi yangu mimi."

Théodule akaja akanishika bega kwa upole ambao sijawahi kuuona nyumbani. "Mwieni radhi, jamani. Hajalala siku tatu huyu. Alimpenda sana mama."

Wanawake wakainuka, wakanikumbatia. "Pole, dada. Lia tu, usijizuie. Mkwe kama yule hapatikani tena." Nikalia kweli, kwa hasira, nao wakanipapasa mgongo kwa ajili ya Philomène. Waliporidhika kwamba nimetulia, walirudi mezani wakaimaliza jibini yangu.