Mume wa Wageni

Kamati ya wageni ilikuwa na sharti moja lisilopindika: nyumba ya kupokea mgeni iwe na baba, mama na meza moja ya chakula. Mgeni kavuka maji aonje maisha ya familia, mwenyekiti alisema, hakuja kumtazama mwanamke mpweke akimenya viazi. Basi Mshonaji, aliyeachika miaka miwili nyuma na kumshukuru Mungu, akamwazima yule yule mtalaka wake. Kwa wiki moja tu, walikubaliana. Kijiji kizima kilijua na kikanyamaza, maana nyumba za kupokea wageni zilikuwa tano tu, na zikipungua wakala aliyewaleta angewapeleka kisiwa cha jirani.

Jamaa akajitwalia kiti chake cha zamani. Mbele ya wageni alikuwa asali: alibeba maji, alisifu mchuzi, alisimulia harusi yao mpaka machozi yakawalenga. Mshonaji alitabasamu hadi mashavu yakamuuma. Kulala, jamaa alilala stoo juu ya magunia, akitokea mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Hilo angalau lilimfurahisha.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Wageni walisifu, wakala akaleta wengine, wiki ikawa msimu. Picha yao wawili ikabandikwa gatini: Familia Halisi.

Seremala, mgane aliyekwisha kuleta posa, aliiona. Akaja kibarazani, kofia mkononi.

"Nikikuoa mimi, wageni watamkuta nani mezani?"

"Watakukuta wewe."

"Mwenyekiti kaniambia nisubiri msimu uishe."

"Unaisha lini?"

"Kasema nyumba yako imejaa mpaka mwakani."

Hasira zikampanda Mshonaji. Akaenda kwa mwenyekiti bila hata kubadili kanga, akasema amechoka, anajitoa.

"Wewe ndiyo nguzo yetu, dada," mwenyekiti akamjibu kwa upole. "Sasa nguzo ikihama, paa litakaa wapi?"

Akarudi nyumbani, akaweka maji jikoni. Angefanya nini?

Siku wageni wa wiki ile walipoondoka aliwasindikiza mpaka gatini, akawapungia mkono. Akarudi, akapika, akapakua, akaita kwa sauti ile tamu ya kila siku:

"Mume wangu, chakula tayari!"

Jamaa akatoka stoo, akanawa, akavuta kiti chake.

"Ahsante, mke wangu."

Mshonaji akabaki na upawa mkononi. Mezani hapakuwa na mgeni hata mmoja.