Povu la Tangi la Ognyan

Mwenye mtoto aliye mbali na asome haya mpaka mwisho, maana yaliyompata Penka yanaweza kumpata mama yeyote mwenye mkono mwepesi wa kulisha.

Penka alikuwa anakaa mji wa Ruse, kwenye yale majengo marefu ya zege upande wa stesheni. Mumewe alikwisha fariki. Mwanawe wa pekee, Ognyan, alikwenda Ujerumani kuchomelea vyuma vya meli, na chumbani kwake akaacha kitanda, jaketi la zamani, na tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Ndani mlikuwa na mawe, samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mikanda myeupe, na tumbawe moja la zambarau lililokuwa likifunguka kila asubuhi kama kiganja cha mtoto mchanga.

"Mama, nitunzie hili tumbawe," alimwambia siku ya kuondoka, begi begani. "Nikirudi nitalikata vipande vya kupandikiza, tutajaza tangi zima."

Nikirudi. Penka alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika kitasa cha mlango. Akajiambia kwamba maadamu tumbawe linafunguka, mtoto ana kitu cha kurudia. Likifa, atarudia nini? Mama na vyupa vyake vya pilipili za siki?

Pembeni ya tangi palikuwa na mashine ya povu. Inavuta maji, inayachapa mpaka yanatoa povu, na uchafu wote wa mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki unapanda na povu hilo hadi kwenye kikombe cha juu. Penka aliielewa upesi, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akiengua povu la jamu jikoni. Ila povu hili lilikuwa la kahawia, na lilinuka kama kabichi iliyosahauliwa kwenye pipa. Kila asubuhi alimwaga kikombe huku ameziba pua. Tena mashine ilikoroma, usiku na mchana, kama mtu mwenye mafua aliyelala.

Aliyeanzisha maneno ni mzee Tsvetan wa mlango wa pili, ambaye hakukosa kuja kunywa kahawa na kutia kasoro.

"Wewe Penka, umeficha mwanamume humo chumbani?"

"Acha upuuzi wako. Ni mashine ya Ognyan, inasafisha maji."

"Kwani bahari ina mashine? Nani anaimwagia bahari kikombe? Zima hilo dude, linanuka mpaka kwenye ngazi. Watu watadhani unanipikia mimi."

"Nikupikie wewe? Labda siku nikiishiwa paka wa kumpa makombo."

Walicheka, lakini neno lilimkaa Penka. Jumapili Ognyan alipopiga simu, akamuuliza kama kweli tangi haliwezi kuishi bila mashine ile.

"Wapo wanaofuga bila mashine, mama," Ognyan akasema. "Samaki wachache, chakula kidogo, maji unabadilisha kila wiki, mambo yanakwenda. Hata bahari inajiengua yenyewe. Hukumbuki povu la ufukweni kule Burgas? Tatizo si tangi. Tatizo ni mkono wako."

"Mkono wangu una nini?"

"Mama! Dereva wa basi la kuja huku alikataa kupakia sanduku lako la vyupa, alisema ekseli itakatika! Huku chumba kizima tunaota pilipili. Usitume tena, tafadhali. Nikija siku ya jina langu nitakula hapo hapo."

Nikija. Penka akakata simu akiwa mwepesi kama msichana, akaenda akaizima mashine.

Na kweli, vuli nzima mambo yalikwenda. Alitia chakula kidogo tu, kile kinachokaa kati ya ncha za vidole viwili. Maji yalikuwa maangavu, tumbawe lilifunguka. Kilichomsumbua ni kimya. Zamani akipita kwenye korido alisikia kama kuna mtu amelala chumbani kwa Ognyan, na sasa hapakuwa na mtu.

Siku ya jina la Ognyan, ambayo kwao husherehekewa kama siku ya kuzaliwa, ni siku ya Mtakatifu Ignati, Krismasi ikiwa imekaribia, na mtu wa kwanza kuvuka kizingiti siku hiyo ndiye anayeiletea nyumba bahati ya mwaka, njema au mbaya. Penka alimwonya Tsvetan mapema.

"Siku hiyo usithubutu kusogelea mlango wangu. Nataka Ognyan awe wa kwanza."

"Na nikiishiwa sukari?"

"Kunywa kahawa chungu, ifanane na wewe."

Alipika majani ya kabichi yaliyoviringishiwa wali, maharage, na mkate wa maboga. Kisha jioni ya kuamkia siku yenyewe simu ikalia. Meli inatakiwa kutoka, bosi hatoi ruhusa. Labda Pasaka.

"Haya mwanangu," Penka akasema. "Kazi ni kazi."

Siku ya jina wageni hawaalikwi, na wakija hawafukuzwi. Wa kwanza kuvuka kizingiti akawa Tsvetan, kofia mkononi, na siku hiyo hakutania. Wengine wakafuata. Wakala, wakanyanyua glasi kumtakia heri asiyekuwepo. Penka alikiangalia kiti kitupu alichomwekea Ognyan mpaka akashindwa. Akasimama, akasema, "Mwenye siku hayupo, lakini wa kwake wapo," akawafungulia chumba.

Akatia chakula tangini, si cha ncha za vidole, cha kiganja. Tsvetan kwa huruma akatia chake. Mama wa ghorofa ya chini akatia chake, akimwombea Ognyan afya na mchumba. Samaki wakarukia chakula, na Penka akahisi kwamba hatimaye ndani ya nyumba ile kuna anayekula kutoka mkononi mwake. Hapo ndipo alipopotea.

Tangu hapo, kila simu isipolia, alifungua kopo la chakula. Akila mwenyewe, anawatilia na wao. Akikumbuka jaketi la Ognyan lililotundikwa mlangoni, anawatilia tena. Mashine imezimwa, na hakuna kinachoengua.

Maji yakawa kama ya kuoshea maharage. Samaki mmoja akawa anahema juu juu, mdomo nje. Wa pili Penka alimkuta nyuma ya jiwe, amekwisha. Tumbawe lilijifunga kama ngumi, likaanza kugeuka jeupe. Akapiga simu.

"Unalisha kiasi gani?" Ognyan akauliza.

"Kidogo tu."

"Mama."

"Kijiko."

"Kijiko kipi, mama?"

"Cha supu."

Ognyan hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alimwambia awashe mashine sasa hivi, abadilishe maji leo na kesho, asitie chakula mpaka atakapoambiwa. Halafu akashusha sauti.

"Mama, usijitese. Mpe mtu hilo tangi. Mimi huku... nimeanzisha jingine. Tangu kiangazi."

Penka akashika ukingo wa meza.

"La matumbawe?"

"Ndiyo."

"Na mashine umeweka?"

"Nimeweka."

"Inakoroma?"

"Hapana, mama. Za siku hizi hazina sauti."

Penka akamwambia tangi halitoki, akamtakia kazi njema. Akaenda chumbani, akawasha mashine, akakaa kwenye kitanda cha mwanawe huku povu jeusi likipanda. Samaki aliyebaki alipona. Tumbawe lilikufa karibu lote, likabaki na kipande cha zambarau ukingoni, kidogo kama ukucha.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto mbali, usiulize tu kama tangi linahitaji mashine. Uangalie mkono wako kwanza, na unayetaka kumshibisha. Penka sasa hulisha kwa ncha za vidole, kisha anakitia kile kiganja mfukoni mwa aproni na kukibana humo mpaka kitulie. Wanaojua wamemwambia kwamba kwa samaki mmoja na chakula kidogo hivyo, mashine anaweza kuizima.

Hajaizima. Ukipita kwake utakuta mlango wa chumba uko wazi na ndani panakoroma, na Tsvetan akiuliza nani amelala, Penka humwambia ashushe sauti.