Blanketi la Mchanga

Kuna watu wanaokupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nawe unajiona unang'aa. Fundi alipakwa hivyo muhula mzima, na aliyempaka ni mdogo wake wa tumbo moja.

Fundi alikuwa mshona nguo. Binti yake walimwita Chiriku kwa utani, kwa kuwa hakuwa akisema neno. Alikuwa na usonji, na kelele zilimuumiza kweli, si kwa kudeka. Kengele, viti vikiburuzwa, watoto wakicheka kwa pamoja, vyote vilimzidi mpaka akajigonga kichwa ukutani. Ukoo haukukosa la kusema. Huyu alisema mtoto kadekezwa, yule akasema hajachapwa vya kutosha, na wote hao hawakuwahi kukaa naye hata mchana mmoja. Aliyewafunga midomo ni mdogo wake Fundi peke yake. Dada hao walikuwa chanda na pete.

Dawa ya mtoto Fundi aliigundua kazini. Aliona Chiriku akizidiwa hujipenyeza chini ya rundo la suruali za jinzi za wateja, zikamkandamiza, akatulia. Basi akamshonea blanketi la vijumba vidogo vidogo. Kila kijumba alikitia mchanga uliooshwa na kuchekechwa, akakishona mdomo kabla ya kwenda kingine, ili mchanga usikimbilie upande mmoja. Chiriku alilipenda kuliko chakula.

Mdogo wake alikuwa msaidizi wa mwalimu katika shule ya mtaani, na ndiye aliyehangaika mpaka mtoto akapokelewa. Fundi alimkabidhi blanketi na masharti yake: mtoto alifuate mwenyewe, asifunikwe kwa nguvu, na akitaka kutoka atoke. Mdogo mtu akasema ameelewa, tena akamtania dada yake kwamba anaaga kama anayeacha mgonjwa hospitali.

Tangu hapo kila jioni habari ilikuwa ileile: leo alikuwa mtulivu. Fundi akavimba kichwa. Aliyeleta suruali ipunguzwe aliondoka na suruali pamoja na sifa za Chiriku, apende asipende. Na kwa shukrani Fundi akamshonea mdogo wake gauni la kitambaa alichokuwa amejiwekea mwenyewe.

Kisha mtoto akaanza vituko. Akirudi kutoka shule na blanketi lake, alilisukuma nje kupitia dirisha. Fundi akaliokota, likatupwa tena. Alipomuuliza mdogo wake, akaambiwa labda mtoto anakua, ameshalichoka. Jibu lilikuwa na akili, Fundi akalimeza.

Asubuhi moja alipeleka shuleni sare za kwaya alizokuwa amezishona, akaona apitie darasani amchungulie binti yake. Hakumwona. Mwalimu alikuwa akiandika ubaoni, hakugeuka. Fundi akamnong'oneza mtoto aliyeketi karibu na mlango kumuulizia Chiriku, naye akajibu bila wasiwasi wowote.

"Yuko stoo ya mafagio. Huwa anakaa huko."

Stoo ilikuwa imefungwa kwa komeo, kwa nje. Fundi akalivuta. Chiriku alikuwa ameketi kati ya ndoo na mafagio, blanketi limemfika kidevuni, pembe zake zimekandamizwa kwa makopo ya rangi. Hakuwa akilia. Alimtazama mama yake kama ambavyo angemtazama yeyote anayefungua mlango ule.

Mdogo wake akaja mbio, amevaa lile gauni. Akajieleza huku anatazama sakafu: mwalimu mkuu amesema mtoto akivuruga darasa tena ataondolewa, sasa angefanya nini? Alianza kumweka humo wakati wa kengele tu. Baadaye akaona kumtoa na kumrudisha ni usumbufu.

"Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, dada. Ulisema linamtuliza."

"Nilikufundisha blanketi," Fundi akasema. "Komeo nani alikufundisha?"

Fundi akambeba mwanawe na blanketi lake, wakaondoka. Stoo ilimuuma, lakini kilichomkata maini ni zile jioni zote. Angeambiwa ukweli mapema angemtoa mtoto siku hiyohiyo, na mdogo wake alilijua hilo.

Jumapili mdogo mtu akaja kuomba msamaha. Fundi alikuwa na hasira, ila alikuwa amechoka pia, na upweke ulikuwa umeanza kumla. Alishaamua kwamba atamsikiliza. Chiriku alikuwa sakafuni akipanga vifungo kwa rangi zake, na blanketi liko kwenye kona, hakuna aliyeligusa tangu siku ile.

Mama mdogo akapiga hodi kwa upole, akaingia. Chiriku akainua uso. Akaviacha vifungo vyake, akaenda kulikokota blanketi kwa mikono miwili mpaka kwenye kabati la vitambaa. Akajibana ndani, akajifunika, akatoa mkono na kuuvuta mlango. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

Mama mdogo akaketi palepale kizingitini, akaanza kulia. Fundi hakumwangalia. Alikwenda kabatini, akapiga magoti, akaufungua mlango taratibu, akamwambia mwanawe kwamba ni mama, atoke.

Mlango ukavutwa tena kutoka ndani.