Mstari Mmoja kwenye Kadi ya Mama Monika

Jumatano ya pili ya Machi 1984, saa mbili na robo asubuhi, Mama Basil alikuwa mezani kwake akipasha kalamu kwapani. Wino ulikuwa unaganda kwa baridi, na hiyo ndiyo ilikuwa kalamu pekee ya ofisi ya ugawaji pale Babati, imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza isije ikaenda nyumbani na mtu. Mbele yake kulikuwa na sanduku la mbao lililowahi kubeba majani ya chai, na ndani yake kadi za kaya mia nne na ushei. Asiye na kadi hakupata sukari, sabuni wala unga wa njano.

Kadi hizo hazikufanana. Fomu zilikwisha mwaka wa themanini na moja, kwa hiyo kila kaya ilikatiwa kipande cha mfuko wa saruji au jalada la daftari, ikaandikwa kama ilivyo. Moja ilitaja ng'ombe na majina yao. Nyingine ilitaja baiskeli isiyo na matairi. Ya mzee mmoja wa Bonga ilikuwa na mstari unaosema mguu wa kushoto humsumbua wakati wa masika. Mama Basil alikuwa na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na watoto watatu, na hakuona ubaya. Watu nao hawafanani.

Alikuwa na wiki mbili tu pale. Karani aliyemtangulia, Konstantini, alipandishwa cheo akahamishiwa Arusha, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kazi.

Mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni aliingia, akaketi mwisho kabisa wa benchi, akaacha nafasi kubwa pembeni yake. Benchi lililia mara moja alipoketi. Kisha likalia mara nne zaidi.

"Habari za Mutuka, Mama Marcelino?" jirani yake alimsalimu kutoka mlangoni.

"Mimi ni Mama Monika."

"Monika ndiye nani?" jirani aliuliza, bila ubaya wowote.

Mama Basil aliinua kichwa. Mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na jina hilo halibadiliki hata akizaa timu ya mpira.

"Njoo hapa," alisema. "Una watoto wangapi?"

"Wanne. Lakini tangu Januari anayeonekana kwa macho ni huyu tu wa mgongoni."

Jina lake lilikuwa Paskalina. Alieleza kwa kifupi, kwani watu walikuwa wengi kwenye foleni. Alipojifungua alikuja kuandikisha mtoto. Konstantini alichukua kadi mpya, akaandika, "Amezaliwa mtoto, Marcelino," akaipiga muhuri, akaichoma ile ya zamani kwenye bati nje ya dirisha. Paskalina aliporudi nyumbani, mtoto mchanga alikuwepo. Yeye mwenyewe alikuwepo pia, kwa sababu mtoto mchanga hawezi kujibeba. Wengine hawakuonekana wala kusikika.

"Lakini wapo?"

"Wapo. Ugali unaliwa. Jembe la baba yao linaondoka asubuhi na kurudi jioni, na majirani wanalisalimu. Mwalimu anasema darasani kuna daftari linalojiandika lenyewe, tena mwandiko mzuri."

"Huyo Monika," alisema Mama Basil.

"Huyo Monika. Shida yangu ni Domina, mdogo wao. Ana miaka mitano. Januari alikuwa anamaliza bakuli. Mwezi uliopita nusu. Juzi alikula matonge mawili, jana moja." Paskalina aliishika meza kwa mikono miwili. "Usiku namlaza, napapasa blanketi. Kila siku linazidi kuwa bapa. Mama Basil, leo hajala."

Mama Basil alifungua sanduku, akaitoa kadi ya Paskalina. Ilikuwa na mstari mmoja tu, kama alivyoambiwa, na chini yake nafasi tupu.

"Mjinga yule," alisema. "Ukitaka kushona kifungo huchomi shati."

Ukutani, juu ya kichwa chake, ulibandikwa waraka: *Badiliko lolote la kaya liandikwe kwenye kadi mpya. Kadi ya zamani iteketezwe siku hiyo hiyo.* Mama Basil aliusoma tena mpaka mwisho, kwa sababu yeye husoma kila kitu mpaka mwisho. Kisha akaiacha kadi ileile mezani, akapulizia ncha ya kalamu.

"Tunaongeza mistari. Kilichoandikwa hatukigusi. Baba?"

"Gidamis."

Aliandika. Baadaye walisikia kwamba saa hiyohiyo jirani shambani alimwambia, "Kumbe ni wewe," na wakaendelea kulima.

"Wa kwanza?"

"Monika, miaka kumi na moja."

Msichana mwenye sare ya shule alionekana kwenye benchi, magoti yamekaa pamoja. "Shikamoo," alisema.

"Marahaba. Wa pili?"

"Mathayo, minane."

Mathayo alionekana akijikuna. Watu wa foleni walisogea kidogo kumpa nafasi.

"Domina," alisema Paskalina kabla hajaulizwa.

Mama Basil aliandika D, akaandika o, na kalamu ikakwama. Aliikung'uta. Aliisugua viganjani. Ilikwaruza karatasi bila kuacha alama. Kwenye benchi ilionekana miguu miwili midogo yenye vumbi, imeishia magotini, nayo haikuwa ikining'inia vizuri. Ilikuwa imelegea kama soksi.

Paskalina alipiga magoti akaishika.

"Ya baridi," alisema.

"Nipe nafasi," alisema Mama Basil. Aliichomoa kalamu kwenye uzi, akaitia kwapani, akabana mkono, akakaa hivyo huku akitazama saa ya ukutani, ambayo haikuwa na betri. Mtu wa mwisho kwenye foleni alivua kofia. Mama Basil alihesabu mpaka mia moja na hamsini, maana aliwajua wino na watoto, wote hawataki haraka. Kisha akaandika m, i, n, a, bila kuinua mkono.

Domina alikaa kwenye benchi mzima mzima, mwembamba, kamasi puani.

"Mama, nina njaa," alisema.

Paskalina alicheka na kulia kwa pamoja. Monika alitoa kiazi cha kuchemsha kwenye mfuko wa sketi, akammenyea mdogo wake. Domina alikila chote, akalamba vidole, akauliza kama kuna kingine. Foleni nzima ilishusha pumzi, na karatasi mezani zikapeperuka.

"Tumemaliza?" aliuliza Mama Basil, kalamu bado iko juu. "Benchi lililia mara nne. Walioonekana hapo ni watatu."

Paskalina alitazama dari.

"Kwenye kadi ya zamani," alisema polepole, "alikuwemo pia mama mkwe."

Kila mwanamke aliyeolewa mle ndani alimwelewa.

"Andika," alisema Paskalina. "Evangelina."

Bibi mwenye shuka nyeusi alionekana kwenye nafasi iliyobaki, mikono juu ya mkongojo.

"Nimesikia ulivyofikiria," alisema.

"Nimekutaja, Mama."

"Umenitaja mwisho." Lakini alikwishampakata Domina, na hakumwachia mpaka walipofika nyumbani.

Mchana, mkuu wa ofisi, Bwana Anselm, aliitazama kadi.

"Mwandiko safi. Ila waraka unasema kadi mpya, ya zamani ichomwe."

"Waraka ulifuta watoto wa watu."

"Si wamerudi? Basi hakuna lalamiko." Alinyoosha kidole nje ya dirisha. "Nataka kuona moshi."

Tangu siku hiyo aliona moshi. Kila alasiri Mama Basil alichoma maganda ya mahindi kwenye lile bati, na kadi zikaendelea kuongezwa mistari. Wengine waliofutwa na Konstantini walifika mmoja mmoja, na yeye akawaandika. Huko Arusha, Konstantini alipewa makarani sita awafundishe.

Jumamosi sukari ililetwa. Kadi ya Bwana Anselm haikukaa sandukuni. Ilikaa kwenye droo yake, na ilikuwa na mistari mingi aliyoiandika mwenyewe, kwa hiyo watu wake kumi na mmoja walikuwa mbele ya foleni kama kawaida. Walikuwa wamevaa vizuri, viatu havikushika tope, na hawakusalimia mtu. Kila mmoja alipokea sehemu yake, akaibeba mpaka stoo ya Bwana Anselm, akaingia. Hakuna aliyewahi kuwaona wakitoka. Sukari ilikwisha ikiwa imebaki kaya moja tu kabla ya kuifikia ya Mama Monika.

"Wale hawana mama?" Domina aliuliza.

"Wana karatasi," alisema Evangelina.

Mama Basil alifunga sanduku na kuukung'uta mfuko mtupu, akaukunja. Ungetosha kukatwa kadi ishirini.

"Mama Basil, twende ukanywe chai," alisema Paskalina. "Ya maziwa, ila haina sukari."

Walikwenda Mutuka kwa miguu. Gidamis aliwasha moto, Monika akapanga vikombe saba kwenye meza, na Mama Basil akavitazama kwa mazoea ya kazi yake mpaka kila kimoja kikainuliwa na mkono.