Kidole cha Shemeji

Saa tatu asubuhi, meneja wa kiwanda cha maboksi alikuwa akimenya yai la kuchemsha ofisini kwake alipoona kwamba mkono wake wa kulia una vidole sita. Cha sita kilikuwa chembamba, rangi nyekundu ya ukucha imebanduka kidogo. Akaendelea kumenya. Kilisaidia.

Hakuhitaji kuambiwa kimetoka wapi. Wiki iliyotangulia aliamuru vifuniko vya kinga ving'olewe kwenye mashine za kukatia. Mkono ukisogea karibu, vifuniko vile vilizima mashine; mashine ikizimika, mzigo unachelewa; mzigo ukichelewa, gawio la wenye hisa linapungua. Naye aliajiriwa kwa jambo moja tu, lililoandikwa mwanzoni kabisa mwa mkataba wake: kukuza utajiri wa wenye hisa. Asubuhi hiyo mama mmoja wa mashine ya kwanza alikuwa amekimbizwa hospitali, mkono umeviringishwa aproni.

Cha saba kiliota baada ya wiki mbili. Fundi cherehani alimpima glavu bila kuinua macho.

"Niache nafasi, bosi, au ndiyo vimeisha?"

"Acha nafasi," alisema, na jinsi jibu lilivyomtoka haraka ikamtia aibu.

Thamani ya hisa ikapanda. Mwenyekiti wa bodi akapiga simu kumwambia akaze buti hivyo hivyo.

Cha nane alikitambua kabla hakijamaliza kuota. Kilikuwa na alama ya pete na kovu la pasi. Kilikuwa cha shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Kazi ya pale kiwandani yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia, tena kwa kujigamba. Kwa siku tatu aliuficha mkono ule mfukoni.

Siku ya nne dada yake alikuja ofisini, akaketi, akauchukua ule mkono na kuuweka mapajani.

"Shemeji yako anasema kinamwasha, na yeye hana pa kukuna."

Akakikuna taratibu. Meneja alitazama ukutani.

"Pole, dada."

"Pole yako nimeisikia. Rudisha vifuniko, mdogo wangu. Bado ana vidole tisa."

"Nitalisema kwenye mkutano wa wenye hisa. Naapa."

Akalisema kweli. Ukumbi ulijaa walimu wastaafu, wajane na wenye maduka, watu wapole waliokuja na miwani na chupa za maji. Muuguzi mmoja mstaafu akauliza kwa adabu gawio litakuwaje.

"Litapungua kwa robo," meneja akajibu.

Watu wakaguna. Katibu akaita wanaotaka vifuniko virudi wanyooshe mikono. Hakuna aliyenyoosha. Meneja naye alikuwa na hisa zake, za zawadi ya mwisho wa mwaka. Mkono wake ulibaki gotini. Kidole cha shemeji peke yake ndicho kilichosimama.

Katibu akakitazama.

"Samahani, bosi. Kanuni zinataka mkono mzima."

Meneja akakikunja kwa mkono wa kushoto. Kilikuwa cha moto, na kilikaza.

"Wanaopinga?"

Mikono ikainuka ukumbi mzima. Mwenyekiti akageuka kumtazama. Meneja akainua wake, na kidole cha shemeji kikapanda pamoja na vingine, maana hakikuwa na namna ya kubaki chini.